Sura ya Tatu ya Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Kitabu changu cha sarufi amilifu, ile inayotazama lugha inavyofanya kazi, hakijanukuliwa na mtu tangu kichapishwe. Hata mimi nimechoka kujinukuu. Mwenzangu wa ofisini, yule tunayemwita Bwana Irabu, kapandishwa cheo leo. Alinipa mkono kwa huruma. Huruma ya Bwana Irabu! Mimi sipandi mpaka nitoe toleo la pili. Mhakiki aliandika kwamba nahimiza lugha ichunguzwe vinywani mwa watu halisi, ilhali mifano yote nimeitunga mwenyewe. Imenichoma kwa kuwa ni kweli.

Jumanne, 4 Machi
Dawa imepatikana. Watu halisi ninao nyumbani. Nimeficha kinasa sauti mezani, nyuma ya chupa ya chai. Mke wangu alishangaa kuniona nimekaa hadi mwisho wa chakula. Alifurahi, maskini. Akanisimulia habari za bosi wake, kisha akasema siku hizi anaishi humu kama mpangaji. Sentensi nzuri ajabu. Niliguna tu, nisimkatize.

Alhamisi, 6 Machi
Kazi inakwenda mbio. Sura ya tatu yote ni upweke wa mke wangu.

Ijumaa, 7 Machi
Kimenuka. Binti yetu kainua chupa, taa nyekundu ikaonekana. Nikajitetea kwamba ni kwa manufaa ya lugha. Binti akauliza kama niliyemuoa ni lugha. Sasa wananong'ona jikoni, nikiingia, kimya. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu kaenda kwa mama yake, na binti kamfuata. Mlangoni mke wangu aliniuliza kama nimewahi kumsikiliza hata siku moja. Nikamjibu kwa ukweli kwamba nimemsikiliza mara nne, na pale kwenye mpangaji nilirudisha kinasa nyuma. Akabeba begi lake akatoka. Nimekula mkate mkavu nikiwa nimesimama. Nimelia kidogo.

Jumanne, 11 Machi
Mama mkwe kapiga simu, kanifokea bila kuvuta pumzi. Mwanawe hatarudi mpaka niende mwenyewe kuomba radhi, tena nafasi ni hii moja. Nampenda mke wangu, na nyumba hii haikaliki. Nitakwenda kesho. Lakini kufoka kule, jamani! Sijawahi kusikia lugha ikifanya kazi namna ile. Hiyo ni sura ya nne nzima. Kinasa kinaenea vizuri kwenye mfuko wa koti, nimeshakijaribu.