Barua za Yokebedi

Jamani, leo nimeumbuliwa na mama yangu mzazi. Kanisani. Mvua inanyesha, hakuna hata pa kukimbilia. Mpaka sasa aibu haijaniisha, lakini pia nina furaha ya ajabu, kwa hiyo nikichanganya maneno mnivumilie.

Mnaonifahamu mnajua nina tovuti ya mapishi ya ndizi. Ndizi za nyama, ndizi za maziwa, ndizi za maharage, mpaka maganda nimeshayaandikia (msiulize). Naandikia jikoni kwangu hapa mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu mjini (si ile Bagamoyo ya pwani). Kuna kampuni moja ya ng'ambo inaweka matangazo kwenye kurasa zangu, watu wakisoma mimi napata hela. Ndivyo walivyosema. Na hela kweli nikawa naziona, kila wiki zinaongezeka, pale kwenye kioo cha kompyuta. Kuzishika sasa! Miezi minane, hola.

Kompyuta yenyewe niliinunua kwa ndama. Mama yangu, anayeishi kijijini Kinyala, aliuza ndama wake jike akanipa hela yote, nikamwahidi wa kwake atarudi kabla mwaka haujaisha. Majirani wakamcheka. Siku hizi akinipigia simu, salamu hamalizi, anauliza tu: "Ndama wangu bado yumo humo kwenye kompyuta?" Nikijibu "bado, mama," anaguna. Hilo guno lake ndilo lilikuwa linanimaliza.

Kila nikifungua ukurasa wa malipo nakuta maneno yale yale: malipo yamezuiwa, thibitisha anwani yako, tumekutumia barua yenye namba ya siri. Barua! Ya posta! Kampuni ya mtandaoni, zama hizi, inatuma barua! Nikajua hawa ni matapeli tu. Siku moja kwa hasira nikabahatisha, nikaweka namba za tarehe yangu ya kuzaliwa. Ikakataa. Nikaweka za mume wangu. Ikakataa, ikaniambia limebaki jaribio moja, nikikosea akaunti inafungwa. Basi nikaiacha, nikahamia kuwatukana mitandaoni (zile posti ndefu mlizozipenda wote, asanteni sana).

Sasa leo kanisani kwetu ilikuwa sikukuu ya mavuno. Kila mtu analeta alichovuna au alichofuga, ibada ikiisha vinanadiwa pale nje. Mama naye akaja toka Kinyala kusali na mimi.

Hapa lazima niungame. Mimi matangazo ya kanisani siyawezi. Katibu wetu, Mzee Ambokile, akishika yale makaratasi yake anaanza na ndoa, anakwenda vikao, halafu anaingia kwenye michango. Mchango wa bati. Mchango wa spika. Mchango wa kumalizia mchango wa mwaka jana. Kwa hiyo kila Jumapili akisimama tu, mimi nainama kama nimedondosha kitu, nikija kuinuka niko mlangoni. Mwaka mzima sijasikia tangazo hata moja. (Ndiyo, mtu anayetafuta riziki kwa matangazo. Nimeshaambiwa hilo mara kumi leo, inatosha.)

Mchungaji akauliza nani ana hitaji la maombi. Sijui nilitumwa na nini, nikasimama.

"Mchungaji, mniombee. Kuna watu wa ng'ambo wamenidhulumu jasho langu. Haki yangu wameificha."

Kanisa likaguna kwa huruma. Mchungaji akashusha maombi ambayo sijawahi kuombewa tangu nizaliwe. "Bwana, haki ya Mama Lusajo, popote ilipofichwa, hata kama ni chini ya kitanda cha adui, ifichuke leo!"

"Ameni!"

"Si kesho, leo!"

"Ameni!"

Mimi machozi yananitoka. Mama pembeni yangu naye analia, anamlilia ndama.

Tukakaa. Mzee Ambokile akainuka na makaratasi yake. Mimi nikainama kama kawaida, lakini mama alikuwa ameziba njia ya kutokea, na nje mvua ya Tukuyu ilikuwa inamwagika kwa fujo. Nikabaki.

Akasoma ndoa. Akasoma kikao cha kwaya. Akasoma bati. Halafu akainua bahasha tatu zilizofungwa pamoja na mpira.

"La mwisho, na hili mmeshalichoka. Zile barua za kutoka ng'ambo zilizokuja kwenye sanduku la posta la kanisa. Ni za Yokebedi. Jamani, mwenye kumfahamu Yokebedi amwambie. Leo akikosekana mwenyewe, kesho nazirudisha posta."

Jamani, Yokebedi ni mimi! Siku ile najiunga na ile kampuni, fomu ilidai sanduku la posta, bila hilo haisongi mbele. Mimi sanduku nitalitoa wapi? Nikaandika la kanisa, kama tunavyofanya wote kwenye fomu za shule za watoto. Nikasahau siku hiyo hiyo. Na jina niliandika la kwenye kitambulisho. Yokebedi nilipewa na babu, hapa mjini halijulikani, wote wananiita Mama Lusajo. Hata mume wangu alilisikia mara moja tu, siku ya ndoa, akadhani mchungaji amekosea bibi harusi.

Nikapanga nimfuate mzee ofisini baadaye, kimya kimya, nichukue barua zangu, nisepe. Mpango ulikuwa mzuri kabisa. Mama akanigeukia.

"Yokebedi si wewe?"

"Mama, taratibu basi."

"Mwe! Jina la babu yako unalikana kanisani?" Akasimama, akaninyooshea mkono. "Mzee, Yokebedi huyu hapa! Nimemzaa mwenyewe!"

Kanisa zima likageuka. Mzee Ambokile akashusha miwani puani, akanitazama weee.

"Mama Lusajo? Barua ya kwanza ina miezi saba. Kila Jumapili natangaza. Kwani wakati wa matangazo wewe huwa unakaa wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, mama mmoja wa kwaya akanisaidia kwa sauti ya kwanza: "Huwa anatoka!"

Na mchungaji, kwa ule upole wake wa kuua, akauliza, "Sasa yule adui tuliyemwombea tumfanyeje?"

Kicheko kilichopigwa pale, mvua juu ya bati haikusikika tena. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani, na benchi langu pia.

"Fungua," mama akasema. Yeye hakuwa anacheka. "Tujue kama ndama wangu yumo."

Nikafungua. Bahasha zote tatu zina namba ile ile, tarakimu sita. Nikatoa simu, machozi ya aibu yamejaa, kioo sikioni vizuri, na jaribio limebaki moja. Nikamwomba Mzee Ambokile anisomee. Nilitaka aninong'oneze! Mzee akarudi kwenye kipaza sauti.

"Nne!"

"Ameni!" kanisa likajibu.

"Saba!"

"Ameni!"

"Sifuri!"

Hapo watu wakatazamana. Sifuri ilitutia hofu wote. Kisha wakaitikia nayo, tukaenda mpaka ya sita. Nikabonyeza. Mtandao ukazunguka, ukazunguka, mama ameshika goti langu utadhani ndiyo breki. Halafu yakatokea maneno: anwani imethibitishwa, malipo yako yote yatatumwa mwisho wa mwezi huu.

"Yamekubali!" nikapiga kelele. Mama akaachia kigelegele, akina mama wote wakampokea. Mchungaji akasema, "Si niliomba iwe leo?" Hapo tena nani angembishia.

Mvua ikakatika, tukatoka kwenye mnada. Zikapita parachichi, ikapita mikungu ya ndizi, akapita jogoo mkorofi. Halafu akaletwa ndama jike, mweusi, ana baka jeupe usoni. Mama akaguna, lakini guno hili lilikuwa jingine. Nikapanda dau. Mwenye bucha akapanda. Nikapanda tena, akapanda, nikapanda, mpaka akanyoosha mikono juu. Kwetu kwenye mnada wa mavuno unaruhusiwa kuchukua kwa ahadi, katibu anakuandika daftarini, unalipa ukipata. Mzee Ambokile akashika kalamu.

"Niandike jina gani?"

"Yokebedi," nikajibu, tena kwa sauti.

"Sawa. Ila mpaka deni liishe, wewe unakaa benchi la mbele, na matangazo unasoma wewe."

"Ameni!" wakajibu wote, hata mwenye bucha.

Mama ameondoka na ndama wake. Amekataa kupakiwa kwenye gari la mtu, anasema atatembea naye taratibu ili majirani wapate muda wa kumwona. Alipofika njiani akageuka akanipungia: "Ndaga fijo, Yokebedi!" Asante sana, kwa Kinyakyusa chake, na barabara nzima sasa inalijua jina langu.

Kwa hiyo Jumapili ijayo mimi ndiye mwenye makaratasi na kipaza sauti. Atakayecheka hapa chini, nitaanza naye kwenye orodha ya wasiotoa mchango wa bati.