Mtungi wa Mama Mkwe

Mohdhar wa Kipini hakwenda Garsen kutapeli mtu. Tumtendee haki kabla hatujamsema vibaya: alitumwa, akaenda kama alivyotumwa, na nia yake ilikuwa safi mpaka alipofungua kifuniko cha mtungi.

Mtungi ulikuwa wa Bi Mwanatumu, mama yake Nadhira, na Nadhira ndiye aliyekuwa akimkosesha Mohdhar usingizi. Ndani mlikuwa na mafuta ya nazi ambayo bibi huyo aliyapika kwa mkono wake. Agizo lilikuwa fupi.

"Mpelekee Barwako, yule mama Muorma mwenye duka la maziwa pale Garsen. Yeye atakupa samli. Pilau ya harusi yako haipikwi bila samli ya Barwako, na bila pilau hakuna harusi. Umesikia, baba?"

"Nimesikia, mama."

Na alisikia kweli. Lakini aliposhuka Garsen, kwenye baraza ambapo abiria wa basi hunyoosha miguu, alifungua kifuniko kuhakikisha hayajamwagika, na harufu ikatoka. Mwuza ndizi kutoka kijiji cha Wema akageuka. Msichana mwenye buibui akageuka. Hata mzee Abdinur, ambaye kichwa chake kilikuwa kimesahau nywele ni kitu gani, akasogea na pua yake.

"Ya Kipini hayo?" akauliza. "Unauza?"

Kuna watu ambao shetani huwajia na pembe. Mohdhar alijiwa na swali la kawaida la sokoni.

"Nauza," akasema. "Nipeni muda kidogo tu, niyatie kwenye chupa."

Duka la nyuma lilikuwa na mafuta ya alizeti, ya bei ya kumfurahisha mtu asiye na haya, na nyuma ya duka palikuwa na ukuta. Mohdhar aliingia nyuma ya ukuta huo na mtungi mmoja. Alipotoka alikuwa na katoni ya chupa, na mtungi ulikuwa umejaa kuliko ulivyotoka Kipini.

"Mabibi na mabwana!" akaanza. "Msiniulize mafuta haya yanafanya nini. Niulizeni hayafanyi nini! Nywele kavu? Paka. Visigino vimepasuka kama shamba la Wenje wakati wa kiangazi? Paka, vaa soksi, lala. Midomo, mgongo wa mtoto mchanga, mkono uliochubuka, paka! Kaanga kaimati uone zitakavyonukia. Mlango unalia? Tone moja kwenye bawaba. Zipu imekwama, kiti kimefifia, panga linashika kutu? Nimesema nini?"

"Paka!" watu wakajibu.

"Na kipara?" akauliza Abdinur.

Mohdhar alikitazama kile kichwa kama fundi anayetazama kiwanja. "Mzee wangu, nisikudanganye." (Msomaji, ukisikia neno hilo kwa mwuzaji, shika mfuko wako.) "Nywele ni majaliwa. Lakini kitang'aa."

"Mbona kinang'aa tayari!"

"Sasa hivi kinang'aa kwa jua. Kitang'aa kwa afya."

Watu wakacheka, na Abdinur akanunua chupa mbili. Kabla ya adhuhuri ilibaki chupa moja, ambayo Mohdhar aliitia mfukoni mwa koti lake. Mapato yote yakageuka jozi ya viatu vyeusi vilivyochongoka mbele, viatu vya bwana harusi hasa. Ndipo akakumbuka alichotumwa.

Barwako alifungua mtungi, akanusa, akasugua tone kiganjani. Kisha akavitazama viatu.

"Hii ni mafuta ya Mwanatumu?"

"Ya mkono wake mwenyewe, mama. Ningethubutu kukuletea mengine?"

"Mimi sijui. Naona viatu yako mpya."

"Harusi, mama."

Barwako akafungua friji na kuusukuma mtungi katikati ya chupa za maziwa.

"Mafuta hayachachi, mama," Mohdhar akasema, akiuma mdomo asicheke.

"Hapa watu wana mikono mrefu. Wewe enda swali, kula, halafu rudi. Mimi naenda nyumbani kuleta samli."

Mohdhar akaenda zake akiwaonea huruma watu wa ng'ombe, ambao kwao kila kitu ni maziwa. Alipokula na kurudi, Barwako alimpokea kwa bashasha na kumkabidhi kopo zito. Lilinukia moshi mtamu wa vile vijiti ambavyo Waorma hufukizia vyombo vyao. Mohdhar akachovya ncha ya kidole, akalamba. Samli halisi. Hakuchovya zaidi, maana mjanja akishamlaghai mtu humwamini mno.

Huko Kipini, Bi Mwanatumu hakutumia kidole. Alitumia upawa, na aliuzamisha mpaka chini. Juu ulitoka na samli ya rangi ya dhahabu. Chini ulitoka na mafuta meupe ya mgando, yale yauzwayo kila duka.

"Mohdhar. Haya ndiyo aliyokupa Barwako?"

"Amenitapeli!" Mohdhar akaruka. "Watu wa Garsen si waaminifu, mama!"

Bi Mwanatumu akauweka upawa kando. Alichukua simu, akapiga, akaweka sauti ya juu.

"Shoga! Samli imefika?" ikauliza sauti ya Barwako.

"Juu imefika. Chini sijui kumefika nini."

Barwako akacheka mpaka akakohoa. "Mafuta yako pia iko hivyo! Kila mwaka mimi naweka yako kwa friji, inaganda yote nyeupe kama mshumaa. Hii imeganda kidogo tu chini, juu inacheza kama maji. Basi mimi nimempimia vile amenipimia. Samli yako ya kweli iko hapa. Leta mafuta ya kweli, chukua."

Mohdhar, ambaye maisha yake yote jikoni aliingia kula tu, hakujua kwamba mafuta ya nazi huganda kwenye baridi.

"Na soko yote imenunua," Barwako akaendelea. "Anawaambia, usiulize inafanya nini, uliza haifanyi nini! Mzee Abdinur anamtafuta. Lakini huyo mkwe wako, viatu yake mzuri sana."

Macho yote mle ndani yakashuka chini. Mohdhar akajaribu kuficha mguu mmoja nyuma ya mwingine, akabaki na mmoja nje.

Nadhira akatoka nyuma ya pazia. "Vua," akasema. "Viuzwe, tununue nazi. Harusi ni Ijumaa."

"Na nani atakayezikuna?" akauliza mama yake. "Mimi mgongo umenichosha."

Kesho yake, nazi zilipofika, Nadhira akaiburuta mbuzi ya kukunia nazi, akaiweka uani, mahali panapoonekana vizuri kutoka barabarani, akampangusia bwana harusi wake kikalio.

Mohdhar akakaa, miguu mitupu, akakuna. Wanawake wa mtaa wakakumbuka ghafla kwamba walikuwa na haja ya chumvi kwa Bi Mwanatumu. Wengine walikuja mara mbili. Ilipofika alasiri rundo la vifuu lilikuwa limempita magoti, na viganja vyake vimefura malengelenge.

"Nadhira, mpenzi wangu," akanong'ona, "nipe mafuta kidogo nipake mikono."

Nadhira akaliendea koti lililotundikwa mlangoni, akatia mkono mfukoni, akatoa chupa.

"Haya hapa," akasema. "Paka, tuone hayafanyi nini."