Tovuti ya Kombe la Mpunga

Jumatatu, 14 Julai
Nimemwahidi Mzee Anangisye, mwenyekiti wa Kombe la Mpunga, kwamba matokeo ya fainali ya Jumamosi yatasomwa kwenye tovuti yangu, hadi na shemeji zetu walioko Malawi. Akauliza Lameck, anayetangaza matokeo kwa spika za kwenye bajaji, atafanya nini. Nikamjibu kwa upole kwamba dunia imesonga. Msemaji wa kamati atateuliwa baada ya fainali, mimi au yeye. Namwonea Lameck huruma. Kidogo.

Kwenye kompyuta yangu tovuti inafanya kazi safi. Imebaki kuipandisha kwenye seva tu. Dakika tano.

Jumatano, 16 Julai
Dakika tano zimeingia siku ya tatu. Ukurasa unasema programu imeshindwa kuwaka. Nikaipandisha tena bila kubadilisha kitu, labda seva ilikuwa imechoka. Haikuwa imechoka. Maelezo ya kosa yapo, maandishi mekundu kibao, lakini nani ana muda wa kusoma? Nimemweleza Mzee kwamba tatizo liko kwenye wingu. Akatazama juu, akasema mbona leo kweupe.

Alhamisi, 17 Julai
Kisa, binti wa baba mdogo, aliyesomea kompyuta Mbeya, alipita kuleta ndizi. Ushauri haukuombwa. Akayasoma yale mekundu yote, kisha akasema: "Kaka, umeiambia programu itafute kanzidata, lile ghala la matokeo, kwenye mashine ileile inapokaa. Hapa kwako ipo. Kule kwenye seva hujaweka. Ifungue kule, halafu uipe programu anwani mpya."

Nikamshukuru kwa Kinyakyusa, ndaga, nikamwambia nilikuwa nimeshagundua.

Ijumaa, 18 Julai
Kufungua kanzidata ni kazi ya watu wasio na akili. Nimeiondoa kabisa! Matokeo ya fainali nimeyaandika ndani ya ukurasa wenyewe: Bujonde 2, Busale 0. Ya mfano tu, kesho nitaweka ya kweli. Tovuti ikawaka. Nikasambaza kiungo kwenye makundi yote ya WhatsApp.

Jumamosi, 19 Julai
Busale wameshinda 3–1. Nikarekebisha kwa simu palepale pembeni ya uwanja, nikasahau kufunga mabano. Seva ikalikataa toleo jipya, ikaendelea kuonyesha la jana. Kule Bujonde, waliobaki nyumbani wakausoma, wakachinja mbuzi. Lameck alipofika na bajaji kutangaza matokeo halisi, wakamzomea. Tovuti haiwezi kusema uongo, walimwambia.

Mzee Anangisye akanipigia. Hakupaza sauti, ndiyo maana niliogopa. "Ambrose mwanangu, kishushe hicho kitu. Leo hii."

Jumapili, 20 Julai
Lameck ndiye msemaji. Kanisani alinipa mkono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisa alinionyesha bano lililokosekana. Nikamwambia seva za siku hizi ni mbovu.

Jioni akaja Nsajigwa, kocha wa Bujonde. Nilijiandaa kupigwa. Kumbe anaomba ukurasa, ambao bado sijaushusha, ubaki ulivyo, vijana wake wanaupenda. Nimefikiri sana. Hakuna timu isiyohitaji huduma kama hii, na kanzidata haihitajiki. Nimeshaanza kuandika matokeo ya msimu ujao. Mechi zenyewe zitafuata.