Wiki Mbili za Cochabamba

Kigango cha Naipingo,
Nachingwea.

Kwa Baba Paroko,
na kwa kupitia kwako, Kamati ya Safari.

Baba Paroko, Tumsifu Yesu Kristo.

Najua umeshaitikia, kwa hiyo naendelea.

YAH: KUPINGA MKE WANGU KUKAA WIKI MBILI COCHABAMBA

Mimi ni Agapiti, mume wa Gaudensia, yule mwalimu wa kwaya ambaye parokia nzima ilimchagua aende kuwatembelea marafiki zetu wa parokia ya Cochabamba, huko Bolivia, Amerika ya Kusini. Hata mimi nilimpigia kura. Mkono wangu ndio uliotangulia kunyooka, maana watu wote walikuwa wananitazama mimi. Kwa hiyo sina ugomvi na safari. Ugomvi wangu ni muda wa kukaa, na naomba unisome bila kucheka, kwa sababu Katibu wako Leonard nilipomweleza alicheka mpaka akashika ukuta. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wale wenzetu walituma ujumbe wakiuliza, mgeni wao atakaa siku ngapi. Baba, wewe ni mtu wa Mbinga, labda huko kwenu jambo hili ni dogo. Huku mgeni haulizwi anaondoka lini. Ukimwuliza umeshamfukuza, kilichobaki ni kumshikisha mzigo wake. Mama mkwe wangu alikuja kumwona mjukuu mchanga. Mjukuu huyo sasa yuko darasa la tano, na mimi bado sijathubutu kuuliza. Sasa hawa wanamfukuza mke wangu kabla hata hajapanda ndege.

2. Kwanza Kamati ilijibu vizuri sana: "Ataona akifika." Hilo ni jibu la watu waliolelewa. Lakini wakaandika tena kwamba tiketi haikatwi bila siku ya kurudi, na hapo Kamati ikalegea, ikaandika wiki mbili. Nilimwuliza Leonard walipimaje. Akasema wiki moja waliona fupi, na tatu waliona ndefu. Baba, hivyo ndivyo tunavyomnunulia mtoto viatu akiwa hayupo, na kila mwaka vinambana.

3. Dada yangu Marystella ameolewa Narung'ombe, kule Ruangwa. Ukitoka hapa asubuhi, mchana umefika. Lakini ukienda kwake ukakaa chini ya wiki moja, atanuna mpaka Pasaka. Kama Narung'ombe ni wiki, Cochabamba ni kiasi gani? Nimelinganisha umbali kwa simu, nikapiga hesabu mwenyewe, na jibu limekuja miaka miwili na ushee. Kwa maana hiyo wiki mbili ni dharau kubwa kwa watu wa Bolivia, ambao hawajatukosea kitu.

4. Niliomba ushauri kwa jirani yangu Mzee Mahona, aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka Kanda ya Ziwa. Yeye anasema nyumbani kwa baba yake, mgeni aliyechinjiwa ng'ombe haondoki mpaka ngozi ikauke. Nikamwuliza inachukua muda gani. Akasema inategemea jua. Sasa nasikia Cochabamba ni mji wa milimani na kuna baridi. Ngozi isipokauka, Kamati imejipangaje?

5. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Gaudensia hata hatangoja kupewa, atalitafuta mwenyewe nyuma ya nyumba. Atapalilia viazi vya Wabolivia huku mbaazi zetu zikimezwa na nyasi. Nao wakishamwona anavyolima, kisha jioni wakamsikia anavyoimba, ni watu gani wenye akili timamu watakaomwachia arudi? Mimi nisingemwachia.

6. Kuhusu parokia. Bernardo wa besi asipotazamwa na Gaudensia huhamia sauti ya kwanza. Akihama yeye, wenzake watamfuata, maana besi ni watu wa kufuatana. Kwaya itavunjika. Kwaya ikivunjika, misa itapooza, na waumini wataanza kusali wakiwa vitandani. Askofu atauliza kanisa limekuwaje tupu, na wewe, Baba, utahamishwa. Sikutishi. Nataja tu.

7. Namba hii niliiwekea sababu kubwa kuliko zote, lakini nikiiandika naiona ndogo. Tangu tuoane, Gaudensia hajawahi kusafiri bila mimi kujua nitamfuata kwa njia gani. Cochabamba sina njia ya kuifuata. Akiwa huko hakutakuwa na mtu wa kunisema jioni, na mimi nisiposemwa sijui hata pa kukaa. Ninaogopa, Baba, ndiyo habari yenyewe.

Kwa kuwa miaka miwili haiwezekani na wiki mbili ni matusi, ninalo pendekezo lenye heshima kwa pande zote. Aende kama mpita njia. Mpita njia huku kwetu hanuniwi, hachinjiwi wala hapewi jembe. Atafika, atakunywa maji, ataimba wimbo mmoja wenye beti fupi, atawasalimia wote kwa pamoja, kisha atarudi na ndege ile ile, ikiwezekana kabla haijazima injini.

Nakuombea afya njema na pikipiki isiyosumbua. Nisalimie katekista, masista wote wa zahanati, na mpishi wako Lusia, ambaye najua barua hii ataisoma kabla yako. Leonard naye msalimie, akishatoka ukutani.

Ni mimi mwanao katika Kristo,
Agapiti, wa besi.

Nyongeza: Baba, barua hii nilimpa Gaudensia mwenyewe ailete, kwa kuwa alikuwa anakuja mazoezini. Sikuifunga vizuri. Akakaa mlangoni akaisoma yote, na mimi nikangoja kusemwa. Hakunisema. Aliniambia hivi: "Baba Teddy, mie nimelala nyumba za watu nyingi. Nimekwenda kuuguza, nimekwenda kuzika, nimekwenda kupika harusi za watoto wa watu. Mgeni sijawahi kuwa, hata siku moja." Nilitaka kubisha. Nikazipitia moja moja safari zake zote za tangu nimwoe, nikitafuta hata moja aliyokwenda kukaa tu na kuzungumza, nikakosa. Kwa hiyo, Baba, futa namba zote, ukianza na ya saba. Waandikie wiki tatu, na kama sheria zao zinaruhusu, ongeza ya nne. Ila nakuomba uwaandikie na neno hili kutoka kwa mumewe: akishakula atainuka akusanye vyombo. Wamkalishe.