Kamba Isirudi Bungoma

Jumatatu, 11 Agosti

Mvua. Nasimiyu amegoma tena. Tumemsukuma hadi langoni, Mama akiwa kwenye usukani anaimba wimbo wa kanisani, mimi nyuma nikisukuma kwa mkono mmoja kwa sababu mwingine ulikuwa na kitabu. Hakuwaka.

Nieleze, kwa faida ya wanahistoria. Nasimiyu ni Landrova ya Baba, ya mwaka 1974, rangi ya jani la mgomba lililokauka. Kwetu Wabukusu, mtoto wa kike aliyezaliwa kiangazi huitwa Nasimiyu, na wa msimu wa mvua huitwa Nafula. Gari hili halijawahi kuwaka siku ya mvua. Jina lilijileta lenyewe.

Jumamosi ni Siku ya Mlima. Chama cha Magari Magumu, yaani wazee wa Kitale na Bungoma wenye magari yanayotunzwa kuliko wake zao (maneno ya Mama), hupanda pamoja kupitia Endebess kuelekea Mlima Elgon. Chama kina sheria moja tu inayoheshimiwa. Gari likivutwa mbele ya macho ya mwanachama yeyote, mahali popote, linafungwa kamba ya chama kwenye bampa, na linakaa nayo mpaka la mwingine livutwe. Kamba ni ya buluu, nene kama mkono wangu. Iko kwetu. Imekuwa kwetu miaka miwili.

Leo Mama ametoa uamuzi. Nasimiyu akirudi na kamba hiyo safari hii, anauzwa kwa mzee wa vyuma chakavu kule Webuye. Baba akakubali. Alikubali! Nilitazama sahani yangu.

Vitabu vyote vya maana nimevisoma kwenye kiti cha nyuma cha Nasimiyu. Ni mahali pekee ambapo wadogo zangu hawafiki, kwa kuwa mlango hufunguka kwa bisibisi, na bisibisi ninayo mimi. Hawezi kuuzwa. Nimeamua kuchukua hatua.

Jumanne, 12 Agosti

Ugonjwa naujua. Kitabu cha ufundi nilichoazima maktaba ya shule kinasema wazi: gari la petroli likikataa kuwaka kwenye unyevu, tazama distribyuta, kile kikopo kinachogawia plagi moto kwa zamu. Cha Nasimiyu kimekaa chini ya sehemu ile ile ya boneti inayovuja. Maji yanaingia, moto unapotea. Rahisi!

Kilichobaki ni kumwambia Baba. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo: Baba, nadhani maji yanaingia kwenye distribyuta. Nilijaribu kwa upole. Nilijaribu kwa ukali kidogo. Chakula cha jioni kikafika. Baba akaniangalia. Nikasema, "Baba, naomba chumvi."

Chumvi ilikuwa mbele yangu.

Isitoshe, Baba anamwamini Muturi, fundi wake, na Muturi anaamini plagi. Gari likikohoa, ni plagi. Likivuja, plagi. Mwaka jana taa ya nyuma ilipasuka, akabadilisha plagi.

Kwa hiyo, Mpango wa Kwanza: safari iahirishwe hadi kiangazi. Mimi ndiye karani wa Baba kwenye kundi la chama la WhatsApp, maana herufi za simu ni ndogo na miwani hataki. Leo aliniambia niandike kwamba yeye, Wekoye wa Bungoma, atakuwepo. Niliandika. Kisha nikaongeza: "Tahadhari wazee. Tembo mkali ameonekana barabarani juu ya Endebess. Si busara kwenda."

Nani atapeleka watu wake kwa tembo? Naona nimemaliza kazi mapema.

Jumatano, 13 Agosti

Balaa. Idadi ya magari imeongezeka maradufu. Watu wanaleta watoto, kamera na shangazi zao. Mwenyekiti, Mzee Kibiwott, alimpigia Baba kumshukuru. Ati miaka yote hii chama kilikosa kivutio. Baba hajui ni tembo yupi, lakini Baba akipongezwa huwa hakatai. Alisema ndiyo, ni mkubwa sana huyo.

Mbaya zaidi, Kipkosgei anakuja. Huyu ni mtoto wa Mzee Kimaiyo wa Kitale, yuko kidato cha nne, na baba yake humwachia usukani wa Landkruza wakifika kwenye matope. Landkruza yao ni ya dizeli. Haina plagi, haina distribyuta, haiogopi mvua. Naye Kipkosgei haogopi kitu, hasa kuongea. Mimi huniita Maktaba. Mwaka jana kamba ilipobaki kwetu aliniambia, "Maktaba, si muifunge tu fundo la kudumu?" Nilitafuta jibu. Nimelipata leo asubuhi, nalo si zuri.

Mpango wa Pili. Maji na mafuta hayapatani. Mafuta ya kukamulia ng'ombe tunayo kopo zima. Baba alipokwenda mazishini Chwele, nilifungua boneti nikapaka waya zote, nikapaka kifuniko cha distribyuta, nikapaka na ndani ya kifuniko. Sikufanya ubahili. Vyote vinang'aa kama mtoto anayepelekwa kubatizwa.

Alhamisi, 14 Agosti

Jua kali, na Nasimiyu hakuwaka! Hajawahi kukataa siku ya jua. Baba alikaa kwenye bampa, juu ya kamba, akashika tama.

Muturi akaitwa. Alifungua, akanusa, akauliza kama gari hili linakamuliwa. Mama alisema lingekamuliwa angeliheshimu. Muturi akafuta kila kitu kwa kitambaa cha petroli, kisha akabadilisha plagi. Likawaka. Sifa zote zikaenda kwa plagi.

Nimerudi kwenye kitabu. Kinasema mafuta yasiguse ndani. Maneno hayo yako ukurasa wa pili. Nilikuwa nimesoma wa kwanza.

Lakini hapo hapo, katikati ya fedheha, wazo likaja. Senge Wilkista, dada yake Baba, muuguzi wa Lugulu, alikuwa kwetu akijipaka rangi ya nywele. Alipomaliza alivua glavu zake akazitupa kwenye beseni, nyeusi tii. Nilizitazama. Vidole vitano. Distribyuta ya Nasimiyu ina waya nne za plagi na moja ya koili inayotoa moto. Tano! Mungu aliumba mkono akifikiria Landrova.

Glavu hazipo tena kwenye beseni.

Ijumaa, 15 Agosti

Mpango wa Tatu. Nilikata ncha za vidole vya glavu ya kulia. Kila waya nikaipitisha kwenye kidole chake. Kiganja kikafunika distribyuta yote. Kwenye kifundo nikafunga raba yangu ya nywele. Matokeo: mkono mweusi umeishika injini na haukusudii kuiachia. Sura yake si nzuri. Mimi sikuwa natafuta sura.

Kisha jaribio la kisayansi. Nilimwaga jerikeni nzima ya maji juu ya injini. Mama akatokea wakati huo huo. Nikasema naosha gari. Aliniangalia kwa huruma, akafunga boneti kwa upole, akaenda kumwambia Baba kwamba mtoto anaaga gari lake. Baba akaja, macho mekundu, akasema kesho nitakaa mbele, nafasi ya Mama. Akawasha ili alisogeze juani likauke.

Likawaka! Lilikuwa limelowa chapachapa, na likawaka kwa jaribio la kwanza.

Baba akasema kweli Muturi ana plagi nzuri. Huu ulikuwa wakati wangu wa kusema. Nilivuta pumzi. Nikamwuliza kama kesho tutabeba chumvi.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nikiwa na matope masikioni. Siku ya siku!

Tulifika Kitale chini ya mvua. Nasimiyu alikuwa hajakohoa hata mara moja tangu nyumbani, Baba akimsifu Muturi njia nzima. Kipkosgei alikuwa amevaa raba mpya, nyeupe kama maziwa. Alikusanya vijana ili awaonyeshe makumbusho ya Bungoma, akafungua boneti yetu bila kupiga hodi. Akauona mkono.

Sijui aliruka vipi. Najua kichwa chake kilipiga boneti, na kwamba sauti iliyomtoka haikuwa ya kidato cha nne. Wazee wakaja mbio, wakachungulia. Mzee Kimaiyo akamwuliza Baba kwa sauti ya chini hiyo ni dawa gani. Baba alikuwa anauona mkono ule kwa mara ya kwanza maishani. Kisha akaifunga boneti polepole.

"Mzee Kimaiyo," akasema, "mambo mengine ya Bungoma hayaulizwi."

Baada ya hapo hakuna aliyeegesha karibu nasi.

Juu ya Endebess barabara iligeuka uji. Mzee Kibiwott akasimamisha msafara, akaagiza kila gari lifunge habu. Ndivyo yalivyo magari ya kale: unashuka, unainama penye kila gurudumu la mbele, unazungusha kidude cha katikati kwa mkono. Usipofanya hivyo, magurudumu ya nyuma yanavuta na ya mbele yanatembea tu. Baba alishuka upande wake, mimi wangu. Kipkosgei alitazama matope, akatazama raba zake, akamwambia baba yake kwamba alishafunga tangu Kitale.

Nikapita karibu na gurudumu lao. Alama ilikuwa upande wa wazi.

Nilianza kutunga sentensi: Samahani, habu yenu iko wazi. Ni sentensi nzuri, yenye adabu. Nilirudi garini kuipiga msasa. Bado naipiga msasa, msafara ukaondoka.

Kwenye kilima cha kwanza Landkruza ikazama. Magurudumu ya nyuma yalizunguka kama mashine ya kusaga. Ya mbele yalitulia kama wageni wa heshima kwenye harambee. Waliofuata nyuma yao ni sisi. Tukisimama, tumekwama. Tukikwama, Webuye. Mvua ilikuwa ikimwagika moja kwa moja pale boneti inapovuja. Nasimiyu akakohoa. Baba akafumba macho, na yeye ndiye dereva. Nikasema, "Mkono, shika!" Nilisema kwa sauti. Kisha Nasimiyu akanguruma, akapanda nyasi za pembeni, akaipita Landkruza, akasimama juu kwenye changarawe akitoa mvuke kama sufuria ya githeri.

Baba alishuka na kuanza kufungua kamba ya buluu kwenye bampa yetu. Miaka miwili fundo limekauka, na alilifungua kwa meno.

Kipkosgei akapanda hadi nilipokuwa. Raba hazikuonekana tena, wala soksi. Kwa mara ya kwanza aliongea taratibu.

"Maktaba, si wewe husoma? Gari yetu iko na shida gani, bana?"

Sentensi ilikuwa tayari. Ilikuwa imenyooka kabisa. Nikafungua mdomo.

"Labda plagi," nikasema.

Akaenda kumwambia baba yake. Sikusikia alichojibiwa, ila alirudi akishika sikio.

Nasimiyu alivuta. Landkruza ilitoka kwenye tope kwa sauti ya ng'ombe anayechomoa mguu, na kamba ikafungwa kwa akina Kimaiyo mbele ya chama kizima, watoto na shangazi wakipiga makofi. Tembo hakuonekana. Mzee Kibiwott anasema lazima alipata habari za mkono.

Jumapili, 17 Agosti

Kanisani Baba alisimama kutoa ushuhuda. Alimshukuru Mungu, Mama na plagi. Muturi alipoulizwa kuhusu mkono alisema ni ufundi wa zamani, aliufunzwa na mtu ambaye sasa ni marehemu. Senge Wilkista anatafuta glavu zake. Nimemwambia labda panya.

Mama ametimiza neno lake. Nasimiyu haondoki. Mchana wote nimesoma kwenye kiti cha nyuma, mvua ikipiga paa. Kila baada ya muda Baba alikuja na mwavuli, akamwasha, akasikiliza, akazima, akarudi ndani. Hakuniona. Alikuwa akitabasamu peke yake.

Jumatano, 20 Agosti

Leo Baba alikwenda Webuye kumwambia mzee wa vyuma chakavu, uso kwa uso, kwamba Nasimiyu hauzwi. Amerudi amenunua Landrova nyingine. Injini yake haizunguki, milango haina, na kuku walikuwa wakitaga ndani. Ameshampa jina: Nafula. Mama yuko jikoni tangu wakati wa chai. Anakata kabeji, na kabeji inasikika hadi huku nje.

Nafula atafika Jumamosi. Kwa kuvutwa. Mchana kweupe, kutoka Webuye hadi Bungoma, wanachama wakienda sokoni na kurudi. Nimeikumbuka sheria: mbele ya macho ya mwanachama yeyote, mahali popote. Kamba itarudi kwetu kabla matope ya Kimaiyo hayajakauka! Na Mama anaijua njia ya kwa yule mzee.

Ningeweza kumwambia Baba asubiri lori la kumbeba Nafula. Nimeifanyia mazoezi sentensi hiyo. Mezani nimepitishiwa chumvi kabla sijaomba.

Lakini dawa ipo, tena rahisi. Siku hiyo asiwepo mwanachama hata mmoja kwenye barabara ya Webuye. Baba ameniambia niandike kundini kwamba Jumamosi ana shughuli. Nimeandika. Kisha nimeongeza tahadhari ya tembo kwenye barabara hiyo. Mara ile nilikosea kitu kidogo tu: tembo mmoja haogopeshi. Safari hii nimeweka watatu, na mmoja ana mtoto.

Kipkosgei amekuwa wa kwanza kujibu. Ati wote wa Kitale wanakuja, na watatoka mapema ili wapate mahali pazuri pa kuegesha.

Anajikaza tu, maskini. Ameshaogopa huyo.