Donatus na Ng'ombe Wasiohama Zizi

Donatus alikuwa anakula chipsi mayai kwenye mgahawa mmoja karibu na stendi ya Shinyanga aliposikia wachimbaji wawili wa meza ya pili wakilalamika. Mpwa wa jirani yao, kijana asiyejua hata kushika sururu, alikuwa amejenga nyumba ya vigae kwa biashara ya mtandaoni.

"Kauza nini?" mmoja aliuliza.

"Kitu fulani tu cha kwenye simu. Ningejua mapema, mimi ningeuza hata shamba!"

Donatus akaacha chipsi zipoe. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa ameuza viwanja vyenye wenyewe, pete za bahati, na ajira kwenye migodi ambayo haijachimbwa bado. Siku ile akaelewa kwamba binadamu hataki biashara hata kidogo. Biashara ni kazi. Binadamu anataka kujua kabla ya jirani yake.

Wiki moja baadaye akashuka Kharumwa, ambako dhahabu ilikuwa imepanda bei na watu walikuwa na fedha zisizojua pa kwenda. Alivaa suti ya kijivu na viatu vyenye ncha, na mkononi alibeba kompyuta mpakato iliyokufa tangu mwaka juzi. Akakodi ukumbi nyuma ya baa, akabandika tangazo: MTABIRI WA KIDIJITALI AMEFIKA. LETE WAZO LAKO, KOMPYUTA ITASEMA KAMA NDIYO BIASHARA KUBWA IJAYO YA MTANDAONI. KIINGILIO ELFU HAMSINI.

Shughuli yenyewe ilikuwa na utulivu wa kitubio. Mtu aliingia peke yake, akanong'ona wazo lake. Donatus alibofyabofya mbele ya kioo cheusi kilichomtazama yeye tu, akakunja uso, kisha akatoa hukumu.

"Asilimia tisini na moja. Usimwambie mtu. Hata mkeo."

Kila mmoja alipata tisini na moja, na kila mmoja alitoka kafunga mdomo, akiwahurumia wenzake waliobaki kwenye foleni.

Magesa, tajiri wa makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, alitaka simu inayonusa dhahabu ardhini.

"Ikishanusa, ipige kelele?" Donatus aliuliza.

"Ipige kidogo tu. Majirani wasisikie."

Eunice, mama ntilie, alitaka mchimbaji aliye shimoni aagize ugali kwa simu.

"Mtandao unafika huko chini, mama?"

"Hilo ni lako, mtaalamu. Langu ni ugali."

Siku ya nne akaingia mama wa miaka hamsini na kitu, kajifunga kanga kiunoni, viatu vyake vya plastiki vimejaa vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Naitwa Justa, wengi huniita Mama Klara. Natokea Mhunze." Akaketi bila kuambiwa. "Wazo langu ni la mahari. Siku hizi kijana yuko Dar, binti yuko Mwanza, wazee wako Kishapu. Ng'ombe wa mahari wanaswagwa huku na huku, wanakonda, wengine wanafia njiani. Kwa nini? Ng'ombe abaki zizini. Kinachohama ni jina la mwenyewe, kwenye simu. Leo wa Masele, kesho wa mkwe wake Masele. Sisi wenye zizi tunatoza ada ya malisho, ada ya kuhamisha jina na ada ya cheti."

Vidole vya Donatus viligoma juu ya kompyuta. Wazo lilikuwa zuri. Halikuwa zuri la kutapelia. Lilikuwa zuri kweli. Aliona harusi za Usukuma nzima zikipita kwenye simu moja, na simu hiyo ikiwa mfukoni mwake.

"Asilimia tatu," alisema kwa huzuni. "Pole, mama. Lisahau."

Justa akainuka. "Haya. Basi nitampelekea bwana mmoja wa Mwanza. Yeye alisema nimpe jibu leo."

"Subiri!" Donatus akaiinua kompyuta, akaipiga kofi. "Chombo kilikuwa kimelala. Tisini na tisa, mama! Tisini na tisa!"

Walielewana kabla ya chai kupoa. Justa alisema ana zizi na ng'ombe arobaini alioachiwa na marehemu mumewe. Anachokosa ni mbia mwenye mtaji. Donatus hakununua kitu bila kukiona, kwani alijua watu wa aina yake walivyo. Kesho yake wakasafiri pamoja hadi Mhunze.

Zizi lilikuwepo. Ng'ombe walikuwepo. Mchungaji aliyekuwa langoni alimwamkia mama kwa heshima. Justa akaita, "Kadogo! Mweusi! Njooni!" nao wakaja mbio, wakamlamba viganja. Donatus alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na hakuwahi kumiliki chochote ambacho hakikumlazimu kukikimbia. Akatoa fedha zote za Kharumwa, akaongeza akiba yake ya Shinyanga. Wakaandikiana karatasi.

"Sasa nikaichukulie muhuri wa mwenyekiti," Justa alisema. "Nipe na kompyuta. Akiona chombo, hatatuzungusha."

Donatus akampa. Akakaa kwenye kigogo, akaanza kuwaza ofisi itakuwa na viti vya rangi gani.

Saa tatu zilipita. Aliyekuja ni mzee mrefu mwenye fimbo, jina lake Masalu.

"Kijana, unatafuta nini kwenye zizi langu?"

"Zizi lako? Hili ni la Mama Klara!"

"Yule anayetuuzia chumvi ya ng'ombe?" Masalu akamtazama kuanzia suti mpaka viatu. "Asubuhi kampigia simu mchungaji wangu kwamba analeta mnunuzi. Umenunua?"

Donatus akajipapasa mifukoni. Hakubaki hata na nauli. Kwenda polisi hakukuwezekana, angeanza kujieleza kutokea wapi? Masalu akamwonea huruma ya mfugaji: kesho yake ng'ombe kumi na wawili walikuwa wanaswagwa kwenda mnadani, na mswagaji mmoja alikuwa anaumwa, basi Donatus akapewa fimbo yake.

Njiani, viatu vyenye ncha vikiwa vimeachama, simu yake ikaita. Alikuwa Magesa.

"Mtaalamu, pole na ugonjwa! Mama Klara katuambia umelazwa, ndiyo maana umemwachia ofisi. Foleni imefika barabarani!"

"Ofisi?" Donatus akameza mate. "Na kompyuta... inawaka?"

"Acha utani, mtaalamu. Tangu lini mteja akaona kioo? Lakini yule mama ana chombo makini. Wewe ulinipa tisini na moja, yeye kanipa tisini na nane! Sijutii kulipa tena."

Donatus akasimama katikati ya vumbi. Kumfichua Justa kulikuwa kujifichua mwenyewe. "Msikilizeni," alisema hatimaye. "Anajua kazi."

Mnadani, mnunuzi mmoja mwenye kofia pana alimpapasa fahali mgongoni, akamgeukia Donatus.

"Huyu ana miaka mingapi?"

Donatus alikuwa amechoka, ana njaa, na malengelenge yalimwaka miguuni.

"Sijui," alisema.

"Alishawahi kuugua?"

"Sijui."

Mnunuzi akamkodolea macho. Tangu asubuhi alikuwa amezungukwa na wachuuzi wanaojua kila kitu; huyu alikuwa wa kwanza kukiri hajui. Akamwita Masalu pembeni, akanunua fahali na majike mawili bila kubishana.

Masalu akarudi anacheka, akamshika Donatus bega na kumwahidi nyama choma. Lakini Donatus hakumsikia. Alikuwa amesimama mdomo wazi, akijiuliza neno lile "sijui" lingelipiwa kiingilio gani Geita mjini.