Kibali cha Kutoroka Mlimani na Mbwa Mmoja

Serikali ilitangaza kwa furaha kubwa, katika tangazo lililobandikwa kwenye kila ofisi ya umma na nyuma ya milango ya vyoo vyake, kwamba kuanzia mwezi huo kila mwananchi mwenye akili timamu alikuwa huru kutoroka na kwenda kuoana mlimani, mradi aombe kibali siku tisini kabla.

Sababu zilielezwa. Kwa miaka mingi watu walikuwa wakitoroka ovyo. Wapenzi waliamka tu asubuhi, wakapanda mlima, wakaoana mbele ya mawe na upepo, wakashuka wakicheka, na taifa likabaki bila takwimu. Nani alitoroka? Alimtoroka nani? Alirudi saa ngapi? Ukiuliza, watu wanatazamana. Ndipo ikaundwa Idara ya Mitoroko na Ndoa za Nje, ikapewa jengo la ghorofa mbili, magari manne na Mkurugenzi mmoja.

Mkurugenzi huyo alikuwa na binti, mpima ardhi, mwanamke wa miaka ishirini na tisa ambaye viatu vyake havikuwahi kukaa siku nzima bila tope. Na binti huyo ndiye aliyetaka kutoroka.

Si kwamba hakumpenda baba yake. Alimpenda sana, hasa akiwa mbali. Tatizo lilianza alipochumbiwa na mwokaji mikate, kijana mcheshi mwenye unga kwenye nyusi. Baba alipoletewa habari hiyo hakukubali wala hakukataa, aliunda kamati. Kamati ikazaa kamati ndogo kumi na moja, mojawapo ya Viti, nyingine ya Vifuniko vya Viti, na nyingine ya kusuluhisha mgogoro kati ya hizo mbili. Orodha ya wageni ilifika mia saba. Mwokaji aliagizwa kuwasilisha wasifu wake, akaambiwa atajulishwa. Mwaka na nusu ulikuwa umepita, viti vilikuwa vimeshachaguliwa rangi, na nafasi ya bwana harusi ilikuwa bado inajadiliwa.

Mpima ardhi alivumilia yote hayo. Kilichomshinda ni azimio la kikao cha thelathini na mbili, lililosema kwamba siku ya harusi Kiraka afungiwe stoo. Kiraka alikuwa mbwa mweupe mwenye doa jeusi jichoni, na bila yeye kusingekuwa na uchumba wenyewe. Ndiye aliyeiba mkate kwenye duka la mwokaji akaenda kuula ndani ya gari la mpima ardhi, mwokaji akamfuata mbio na koleo la tanuri mkononi.

"Tutoroke tu," mwokaji alisema. "Kesho asubuhi. Mimi, wewe na Kiraka."

"Bila kibali ndoa haitambuliki. Halafu walinzi wa mlima watatushusha. Juzi wamewashusha wawili, wakawaambia wapande tena kwa kufuata utaratibu."

"Kwa hiyo tunamwomba baba yako ruhusa ya kumtoroka baba yako."

"Siyo yeye. Idara yake."

"Aa. Hapo sawa."

Dirisha Namba Tatu la Idara lilikuwa na karani mmoja, mama wa makamo aliyevaa sweta mabegani bila kuingiza mikono, mwenye kitabu cha kanuni kilichochakaa kuliko kitambaa cha kufutia meza. Alikisoma chote, na alikiamini. Katika jengo lile alikuwa peke yake kwa mambo yote mawili.

"Mnatoroka wangapi?"

"Wawili na mbwa," mpima ardhi alisema.

Karani alishusha kalamu. "Mbwa ni shahidi, mgeni, au mzigo?"

"Ni mbwa, mama."

"Mwanangu, hapa kuna visanduku vitatu. Anaweza kuweka sahihi?"

"Hapana."

"Basi si shahidi. Anaishi wapi?"

"Kwangu."

"Mgeni haishi kwako. Basi ni mzigo."

"Lakini anatembea mwenyewe!" mwokaji alisema.

Karani alifikiri kwa muda mrefu, foleni nyuma yao ikiguna. Kisha akaandika kwa herufi kubwa: MZIGO UNAOJITEMBEZA. Alionekana kuridhika. Kiraka alipigwa muhuri kwenye karatasi, na kwa kuwa alikuwa amesimama karibu, kidogo kwenye sikio.

Ilibaki karatasi moja tu, lakini ndiyo iliyokuwa imewakwamisha waombaji wote waliotangulia. Iliitwa Tamko la Kutojua. Kila anayetorokwa, ambaye Idara ilimwita mtorokwa, alitakiwa kuapa kwa maandishi kwamba hajui chochote kuhusu mtoroko huo, na chini yake kuorodheshwa jina la mtoro, tarehe, saa na mahali pa hicho asichokijua. Wazazi wengi walikuwa wakianza kusoma na kuishia kupiga kelele. Mkurugenzi alilitatua tatizo hilo kwa ubunifu uliomletea cheti. Aliagiza kila tamko lifunikwe kwa kadibodi ngumu yenye tundu lililokatwa kwa wembe, upana wa kidole, ili mtorokwa aone mstari wa sahihi tu. Anayesoma anajua, alipenda kusema kwenye semina, na anayejua hawezi kuapa kwamba hajui.

Mpima ardhi alimkuta baba yake sebuleni akikunja soksi. Sahihi ikikosekana, angeketi kwenye kiti chenye kifuniko mbele ya watu mia saba, huku Kiraka akilia stoo. Aliweka kadibodi mezani.

"Baba, naomba sahihi yako hapa."

"Nini hiki?"

"Tamko la Kutojua."

Mkurugenzi aliinua mkono haraka. "Basi usiniambie! Usiseme neno!" Akachukua kalamu, akageuza uso dirishani kwa uangalifu, akasaini kwenye tundu kwa kupapasa. "Umeona? Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Watumishi wangu wangekuwa na nidhamu kama yangu, nchi hii ingekuwa mbali."

"Ni kweli, baba."

"Na nimefurahi. Sikujua kama unajali kazi ya Idara."

"Naijali sana siku hizi," alisema, akatoka kabla sauti haijamsaliti. Nje ya mlango alijisikia vibaya kwa muda wa kama dakika moja. Kisha akaikumbuka Kamati ya Vifuniko, hali hiyo ikampita.

Siku tisini zilikaribia kwisha. Alhamisi ya wiki ya mwisho simu ya karani ikaingia.

"Mwanangu, hongereni. Maombi mia mbili na kumi, lakini lililokamilika ni lenu tu; wazazi wengine wote wamekataa kusaini wasichokiona. Ninyi ndio Mtoroko Namba Moja. Mkurugenzi amemwalika Waziri aje kuushuhudia."

Mpima ardhi aliketi chini kwenye udongo, katikati ya kiwanja alichokuwa akikipima. "Mkurugenzi anajua ni sisi?"

"Anajua namba. Jina liko chini ya kadibodi."

Kule Idarani hilo lilikuwa jambo la kufa na kupona, maana nafasi ya Katibu Mkuu ilikuwa wazi, na Waziri alikuwa na mazoea ya kumteua mtu palepale alipofurahia, kwa kumshika mkono mbele ya kamera. Mkurugenzi alikuwa ameshanunua suti. Mahema yalipigwa chini ya mlima, vipaza sauti vikajaribiwa.

"Tutoroke kutoka kwenye kutoroka kwetu?" mwokaji aliuliza jioni ile.

"Hapana," mpima ardhi alisema. Alikuwa amekasirika sasa, na hasira ilimkaa vizuri. "Nimejaza fomu kumi na nne. Mbwa wangu amepigwa muhuri. Nitaolewa Jumamosi, hata akija nani."

Jumamosi saa mbili asubuhi walianza kupanda. Kanuni iliwataka watoro watangulie, ili wasionekane kama wanasindikizwa. Walikuwa maharusi, waokaji wawili kama mashahidi, na shangazi wa bwana harusi aliyemshika Kiraka kamba. Karani, ambaye kwa uhaba wa watumishi ndiye pia aliyekuwa msajili wa ndoa, aliwafuata na jalada kifuani. Chini, wageni waalikwa sitini waliambiwa na mlinzi kwamba mtoroko mmoja unaruhusiwa watu tisa tu. Wakabaki kwenye hema wakihutubiana.

Njiani magoti ya shangazi yaligoma. "Nendeni, mkirudi mnichukue," alisema, akaketi kwenye jiwe, akamkabidhi mpima ardhi kamba.

Kileleni kulikuwa na nyasi fupi, upepo, na mbele yao mabonde yote ambayo mpima ardhi alikuwa ameyapima kwa miguu yake. Gauni lake jeupe liliishia kwenye buti. Mwokaji alimtazama akasahau utani wote aliouandaa. Ungesema dunia ina watu wawili na mbwa. Hali hiyo ilidumu dakika ishirini.

Kisha akatokea Waziri, mpiga picha wake, na nyuma yao Mkurugenzi aliyeloa jasho hadi kwenye tai.

"Mheshimiwa," Mkurugenzi alikuwa akihema, "mbele yako ni tunda la mwaka mzima wa..." Akamwona bi harusi. "Wewe!"

"Shikamoo, baba," mpima ardhi alisema.

"Marahaba," Mkurugenzi alijibu kwa mazoea, akajiuma ulimi. Akamgeukia karani. "Simamisha hii shughuli! Huyu ni binti yangu!"

"Kumbe," karani alisema kwa upole. Alifungua jalada, akatoa kadibodi, akamwonyesha Waziri karatasi iliyokuwa chini yake. "Basi yeye ndiye mtorokwa. Sahihi yake hii hapa."

Waziri aliisoma yote, jina, tarehe, saa na mahali. "Mkurugenzi, umeapa kwamba hujui. Ulijua au hukujua?"

Mkurugenzi alifungua mdomo. Akisema alijua, ameapa uongo. Akisema hakujua, amesaini asichosoma. Mpiga picha alibadilisha lenzi.

"Nilikuwa katika mchakato wa kutojua, Mheshimiwa."

"Safi," Waziri alisema, kwa sababu hakuwa amesikiliza.

"Kuna mambo mawili," karani aliendelea, akilamba kidole na kufungua kitabu. "La kwanza, mtorokwa haruhusiwi kuwa ndani ya kilomita tatu. Mkurugenzi, itabidi ushuke. La pili, mzigo unaojitembeza lazima uwe na mhudumu wake. Shangazi yuko kwenye jiwe. Maharusi wanashikana mikono, mashahidi wanashika kalamu, mimi nimeshika kitabu, mpiga picha ameshika kamera. Hakuna wa kushika kamba. Ndoa haiwezi kufungwa leo. Wataomba upya."

"Siku tisini?" mwokaji aliuliza.

"Tisini."

Mpima ardhi aliitazama kamba iliyokuwa kiganjani mwake, machozi yakamlenga. Alimwona baba yake akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike. Binti akiteremka tu bila ndoa, kamati zote kumi na moja zingemsubiri chini.

"Basi ni bahati mbaya," Mkurugenzi alisema. "Kanuni ni kanuni."

"Sikupanda huku kuja kutazama uahirishaji," Waziri alisema. "Idara nzima, hakuna mtu mmoja anayeweza kushika mbwa?"

Tabasamu la Mkurugenzi likayeyuka.

"Anaweza baba," mpima ardhi alisema. "Lakini yeye ni mtorokwa."

Karani alipekua kurasa, midomo ikitembea. "Akiwa mhudumu wa mzigo, anahesabiwa pamoja na mzigo. Hapo mtorokwa hayupo hapa." Akaitazama kamba, akamtazama bosi wake. "Kwa hiari yako, Mkurugenzi. Kilomita tatu, au kamba."

Mkurugenzi alimtazama Waziri, akaukumbuka ule ukatibu mkuu, akanyoosha mkono. Binti yake aliiweka kamba ndani yake na kumfumba vidole mwenyewe, taratibu, kama baba alivyokuwa akimfunga yeye kamba za viatu vya shule.

"Ahsante, baba."

"Mhudumu husimama hatua tano nyuma," karani alisoma. "Hasemi. Hapigi makofi. Huokota kinachodondoshwa. Mfuko huu hapa."

Ndoa ilifungwa. Mwokaji alisema maneno yake kwa kigugumizi, mpima ardhi akasema yake kwa sauti iliyosikika hadi bonde la pili. Hatua tano nyuma Mkurugenzi alihisi kitu ambacho hakuna kamati iliyowahi kukijadili, na pengine angelia. Lakini Kiraka, aliyetulia tangu asubuhi, alichagua wakati huohuo kuchuchumaa. Watu wote wakageuka kumtazama mhudumu. Mhudumu akafungua mfuko.

Waziri alifurahi mno. Alimshika mkono bi harusi, bwana harusi, na mashahidi wote wawili. Alimshika karani mkono kwa muda mrefu, akamuuliza kama amewahi kufikiria ukatibu mkuu. Kiraka akashikwa mguu. Alipofika kwa Mkurugenzi, ambaye tayari alikuwa ameunyoosha wake, Waziri aliuangalia ule mfuko, akarudisha mkono wake mfukoni.

Jumatatu picha ilitoka ukurasa wa mbele, na kwa agizo la Wizara ikatundikwa katika kila ofisi ya Idara, pamoja na ile ya Mkurugenzi, ukutani mbele ya kiti chake. Maelezo yaliyo chini yake yanasema: "Waziri akiwa na maharusi, mashahidi, msajili na mbwa Kiraka. Aliyeinama nyuma hakutambulika mara moja."